Sarafu Isiyo na Mgongo

4 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nimeanza kazi Jumatatu. Chumba changu kiko nyuma kabisa ya makumbusho. Kina dirisha moja, meza mbili, mizani ndogo iliyotoka duka la dawa, na kabati la chuma lenye funguo mbili. Mmoja ninao mimi, wa pili anao Mkuu wa Makumbusho.

Kazi yenyewe ni chungu cha udongo. Wachimba msingi wa zahanati walikigonga kwa sururu, na ndani zikatoka sarafu mia moja na kumi na mbili za fedha, za Warumi, zenye zaidi ya miaka elfu mbili. Kila moja inatakiwa iwe na kadi yake: uzito, upana, kichwa kinatazama wapi, kuna herufi gani, mgongoni kuna picha gani, ni ya lini. Nimepewa mpaka mwisho wa Juni. Nimechukuliwa kwa majaribio. Kadi zikikamilika na zikawa sahihi, naajiriwa moja kwa moja. La sivyo narudi nyumbani na koti langu la kazi, ambalo hata hivyo linanipwaya.

Kitabu cha kulinganishia nilichopewa kimeng'oka jalada na picha zake ni nyeusi kama makaa. Lakini nilikaa miaka sita chini ya benchi lako kila nikitoka shule, Mama akiwa kazini, nikikupimia vipande vya fedha. Hilo hakuna mwingine hapa aliye nalo, na nimemwambia Mkuu hivyo hivyo. Alicheka kidogo. Atazoea.

Namba 1 hadi 7 nimezimaliza. Mwanamke mwenye kofia ya chuma iliyo na bawa, kisogoni alama ya X, yaani kumi. Mgongoni wapanda farasi wawili, chini yao neno ROMA. Zote zina gramu tatu na kitu. Zilizofuata tatu zimenishinda. Nimeweka karatasi juu yake nikaisugua kwa penseli. Nakutumia. Zitazame kwa kioo chako uniambie unaona nini.

Mpwa wako


15 Februari

Mpwa wangu Mizani,

Marahaba. Usishangae mwandiko. Nimeungua mkono wa kulia kwa moto wa kuchomelea, si sana, ila kalamu haishikiki. Anayeniandikia ni jirani yangu wa ukuta wa pili, Mama Sindano, fundi cherehani, ambaye mwandiko wake ni mzuri kuliko tabia yake.

(Nimeandika kama alivyotamka. Tutazungumza akimaliza. — Mama Sindano)

Karatasi zako za penseli ni za kufungia sabuni. Penseli inapita juu ya milima tu, mabonde haiyajui. Ukitaka nisome sarafu yako, niletee umbo lake. Chukua nta ya nyuki, iyeyushe, iache ipoe mpaka iwe laini kama sikio la mtoto. Ipake poda kidogo. Bonyeza sarafu mara moja, wima, uinue wima. Upande wa kichwa nta yake, upande wa mgongo nta yake, na chini ukwaruze namba. Zipange kwenye boksi lenye pamba.

Na nikisikia umeisugua hata moja ing'ae, nitakuja huko huko nikunyang'anye koti. Ule weusi ndio cheti chake cha kuzaliwa.

(Anasema pia hataki barua ndefu, lakini hii yako nimemsomea mara tatu.)

Mjomba wako, Sonara


1 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na shikamoo Mama Sindano. Mkono unaendeleaje? Umeupaka nini? Hukuniambia ni moto wa lini.

Nakutumia nta za sarafu kumi, namba 8 hadi 17. Nakiri nilinuna uliposema penseli haifai. Nilijiambia Mjomba amezidi ubishi, sasa anataka dunia nzima ifanye kazi kwa nta. Kisha nikabonyeza ya kwanza, nikatupa penseli kwenye droo.

Kila kitu kimeandikwa. Kwenye daftari la posta la ofisi nimeingiza: "Kifurushi kimoja, gramu 310, kwa sonara." Kwenye shajara yangu nimeandika saa niliyofungua kabati na saa niliyolifunga. Msaidizi wa Mkuu ananiita Bibi Saa. Nimemwambia ni afadhali Bibi Saa kuliko Bwana Nilidhani.

Mpwa wako


12 Machi

Mizani,

Nane nimezimaliza asubuhi moja, majibu yako kwenye karatasi ya pili. Yaliyobaki ni haya.

Namba 8. Kwenye ukingo wa nta pamevimba kama kipele, maana yake kwenye sarafu pamelika shimo. Fedha nzuri hailiki hivyo. Chini ya ngozi ile kuna shaba. Pima uzito wake, utakuta umepungua. Mtu wa zama zile alivika shaba fedha akamtapeli mwenzake, akafa na siri yake miaka elfu mbili, halafu amekuja kuumbuliwa na wewe. Iandike hivyo.

Namba 17 ni sarafu safi, ila sikiliza. Kwenye nta kuna mfereji mwembamba kama unywele, kutoka kidevuni hadi nusu ya shingo. Kwenye sarafu yenyewe utauona kama uzi uliosimama. Huo si mkwaruzo. Muhuri wenyewe, kile chuma cha kupigia chapa, ulikuwa umeanza kupasuka, fedha ikawa inaingia kwenye ufa. Na muhuri ukipasuka haujifungi tena, kila nyundo inaurefusha ufa. Huyo fundi nampenda. Alijua muhuri unakufa, akaendelea kupiga kazi.

(Mwanangu, alipitisha kucha kwenye ile nta ya 17 mpaka chai ikapoa. Mkono ule ule wa kulia. — M.S.)

Mjomba wako


2 Aprili

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nimefika namba 41, na namba 41 haina mgongo.

Upande wa kwanza ni kichwa cha yule mwanamke wa kofia yenye bawa, anatazama kulia, kizuri sana. Nikageuza nikitegemea farasi. Nikakuta kichwa kile kile. Ila huyu wa pili amezama ndani, kama kikombe, na anatazama kushoto. Hata X imezama. Nimepima mara tatu: gramu tatu na nukta nane nne. Uzito hauna shida. Ukingo umepasuka sehemu mbili kama zilivyo nyingine.

Nilimwonyesha Mkuu. Aliishika muda mrefu, akaniuliza nani mwingine ameigusa. Nikasema hakuna. Akasema, "Kadi hiyo iache kwanza."

Kitabu hakina kitu kama hiki, au kinacho kwenye kurasa zilizong'oka. Nakutumia nta zake mbili. Nina hakika ina maelezo. Kitu chenye uzito sahihi hakiwezi kukosa maelezo.

Mpwa wako


19 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nahitaji unijibu jambo moja kwa maandishi, na jibu liwe fupi na lenye sahihi yako: je, umewahi kutengeneza nakala ya sarafu ya zamani, kwa mteja yeyote, wakati wowote?

Tafadhali usinitumie kifurushi chochote kwa sasa, hata zile nta.

Mpwa wako


28 Aprili

Kwa mpwa wangu,

Nimetengeneza pete, hereni, vikuku, kijiko cha mtoto wa hakimu na meno mawili ya mwenye gereji. Sarafu, ya zamani wala ya sasa, sijawahi kutengeneza. Hilo ndilo jibu na sahihi iko chini. Sasa na mimi nikuulize: nani amekufundisha kuniandikia kama askari wa kituoni? Uliyekaa chini ya benchi langu unajua kila kilichotoka juu yake. Kama kuna neno, liseme. Kama huna neno, usiniulize kama mimi ni mwizi.

(Hapa aliinuka kutafuta chai yake, nikapata nafasi ya kutunga uzi.)

Namba 41 yako nimeimaliza siku ile ile ilipofika. Nta ya upande wa pili si nta ya mgongo. Ni kichwa kilichosimama, kinatazama kulia, sawasawa na sarafu yenyewe. Unaelewa? Ulibonyeza shimo ukapata mtu. Maana yake shimo lile lilitengenezwa na sarafu nyingine.

Fundi wao alikuwa na mihuri miwili. Wa chini umekazwa kwenye fuawe, una kichwa. Wa juu anaushika mkononi, una farasi. Anaweka kidonge cha fedha katikati, anapiga nyundo, sarafu inadondoka. Siku hiyo haikudondoka. Ilinasa kwenye muhuri wa juu na yeye hakutazama. Akaweka kidonge kingine, akapiga. Chini kidonge kikapata kichwa kama kawaida. Juu hakikukutana na farasi. Kilikutana na sarafu iliyonasa, nayo ikakipiga chapa ya uso wake, ikazama na kugeuka kama kwenye kioo.

Nalijua kwa sababu limenikuta. Mwaka nilipopiga medali za mpira za shule, moja ilinasa, iliyofuata ikatoka na mpira mmoja umevimba na mwingine umezama. Mwalimu wa michezo akaniuliza kama mshindi wa pili anapewa shimo. Hakuna mtu anayekaa chini akabuni kosa la namna hiyo. Linatokea tu, kwa mtu mwenye haraka na mzigo mkubwa.

Mjomba wako, Sonara

(Mwanangu, mimi Mama Sindano. Amekaa mbele yangu na anadhani naandika salamu. Mkono haujaungua. Haujawahi kuungua. Ni macho. Mtoto wa jicho, yote mawili, toka mwaka jana. Kazi anafanya kwa vidole na kwa kujua kila kitu kiko wapi, na mlangoni ananisikiliza mimi nikikohoa, ndiyo anajua mteja ameingia. Anaogopa wateja wakijua watasema anabadilisha dhahabu yao. Barua yako ya juzi nilimsomea, akaniomba niirudie, nikairudia, akasema "basi" akaenda kulala saa kumi jioni. Sijui una shida gani huko, ila mwambie. Ananiuliza mbona salamu ni ndefu hivi.)


8 Mei

Mpendwa Mjomba, na Mama Sindano unayesoma,

Shikamooni. Mjomba, nisamehe. Nilikuandikia vile kwa sababu nilitaka karatasi moja safi ya kuwapa watu, bila wewe kujua watu hao wanasema nini. Sasa nakwambia kwa mpangilio.

Siku chungu kilipoingia, karani wa mapokezi aliandika mstari mmoja: "Sarafu 112 za fedha, kichwa upande mmoja, picha upande wa pili." Namba 41 haina picha. Mkuu akasema basi iliyokuwapo imechukuliwa na hii imewekwa mahali pake. Akafungua daftari la posta, akakuta mkono wangu mwenyewe: kifurushi kwa sonara, mara mbili. Akauliza sonara huyu ni nani. Nikasema ni mjomba wangu, ndugu wa mama yangu tumbo moja. Ungeona alivyofunga lile daftari, polepole kama mlango wa kanisa.

Nimenyang'anywa ufunguo. Tarehe 3 Juni kamati ya watu watatu itakaa, na wataamua mambo mawili kwa pamoja: kama namba 41 ni ya kughushi, na kama tumeighushi sisi. Wakisema ndiyo, kazi sina, na jina lako litapelekwa polisi. Shajara yangu ya tarehe 19 Aprili ina mstari mmoja tu: "Nimemuumiza Mjomba kwa maneno ishirini na saba." Niliyahesabu.

Lakini barua yako kuhusu muhuri nimeisoma na nimesimama wima. Nimeruhusiwa kuitazama sarafu mbele ya msaidizi, dakika kumi kila siku. Kumi zinanitosha.

Na lile la mkono, Mjomba, nimeshalijua. Sitalisema mara ya pili. Mama Sindano usigombezwe.

Mpwa wako


15 Mei

Mizani,

Jirani amegombezwa, amenigombeza na yeye, tumemaliza.

Fungua bahasha ndogo iliyo ndani. Ni cheti cha daktari wa macho, cha mwezi Novemba mwaka jana, na muhuri wake. Kinasema siwezi kuhesabu vidole vya mkono nikinyooshewa hatua mbili. Kipeleke kwenye kamati yako. Waulize mtu asiyeona vidole vitano amechongaje bawa la kofia lenye manyoya membamba kuliko kope. Kesi itaisha kabla hawajanywa maji.

Najua neno hilo litafika huku. Mji wangu ni mdogo, na maneno yana miguu. Wateja watakwenda kwa yule kijana wa mkabala mwenye taa nyingi. Waende. Mimi nimekaa kwenye benchi hili miaka thelathini na nane, na jina la polisi halijawahi kutajwa karibu nalo.

Usibishane na mimi. Kitumie.

Mjomba wako

(Amesema nisiongeze neno. Sijaongeza. — M.S.)


6 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Tumeshinda. Bahasha yako ndogo nakurudishia, na utaona kwa kidole kwamba gundi haijafunguliwa.

Nilikaa nayo mapajani muda wote. Kamati walikuwa Mkuu, mwalimu mstaafu wa kemia, na mama mmoja mwanasheria ambaye hakuvua miwani yake ya jua. Nilitaka tukitoka pale, wewe na mimi, tuwe tumesafishwa na sarafu. Kosa lilikuwa lake, maelezo yalikuwa yake. Macho yako hayakuhusika, na sikuona kwa nini wapewe.

Nilianza na karani wa mapokezi. Nikamuuliza, "Siku ile ulizigeuza zote mia moja na kumi na mbili?" Akasema, "Zilikuwa na udongo, bibie, na ilikuwa Ijumaa. Niligeuza za juu juu." Mwanasheria akamuuliza juu juu ni ngapi. Akasema, "Tano. Sita, tukiwa na huruma."

Halafu nikaweka namba 17 na namba 41 pamoja chini ya kioo. Zimetoka kwenye muhuri mmoja wa kichwa: bawa lile lile, X ile ile iliyoinama. Nikawaonyesha ufa. Kwenye 17 unatoka kidevuni na kuishia nusu ya shingo, milimita mbili. Kwenye 41 unatoka kidevuni, unavuka shingo, unafika ukingoni, milimita tano. Nikasema, "Kati ya sarafu za muhuri huu, Mjomba wangu alikuwa amegusa nta ya 17 tu kabla hamjaiona hii. Anayenakili 17 anapata ufa wa milimita mbili. Hizi tatu zaidi amezitoa wapi?"

Mkuu akasema, "Mtu anaweza kuurefusha kwa sindano."

Hapo ndipo nilipokukumbuka, Mjomba, na ule uzi wako uliosimama. Nikamwomba mwalimu wa kemia apitishe ukucha. Sindano inachimba. Ufa wa muhuri unasimama, kwa kuwa ni fedha iliyoingia ndani yake. Akapitisha upande wa kwanza, akasema, "Umesimama. Mpaka ukingoni." Nikamwambia ageuze. Akapitisha tena kwenye kile kichwa kilichozama, akafumba macho kabisa, akasema, "Huku umechimbika. Ni mfereji." Nikasema, "Ndivyo inavyopaswa. Huku palipigwa chapa na sarafu iliyotangulia, na uzi wake ukaingia ndani." Nikawachorea fuawe, mihuri miwili na sarafu iliyonasa. Sikuwa na haraka. Nilichora hata nyundo.

Mwalimu akaanza kucheka peke yake. Akamwambia Mkuu, "Ndugu yangu, hii si sarafu mbovu. Hii ni asubuhi mbaya ya mtu fulani."

Wameandika uamuzi: namba 41 ni halali, ni kosa la mpigaji, na itawekwa kwenye kabati la kioo peke yake. Ufunguo nimerudishiwa. Nimepewa onyo la maandishi kwa kubonyeza sarafu kwenye nta bila kuomba ruhusa, nalo nimelistahili; nimelibandika kwenye shajara. Ajira nimethibitishwa, ingawa kadi chache bado.

Mkuu alinifuata ukumbini. Akasimama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema, "Nilikosea. Huyo mjomba wako, ni mtu wa namna gani?" Nikasema ni mtu anayejibu barua.

Mpwa wako


14 Juni

Kwa Bwana Sonara,

Ndugu,

Kwanza naomba radhi kwa maandishi, kama nilivyokushuku kwa maandishi. Kamati imeridhika kwamba huhusiki na kosa lolote.

Pili nina ombi. Katika chungu kile zimebaki sarafu ishirini na tatu zilizolika mno. Vichwa vimekuwa kama kokoto za mtoni. Mimi nimezitazama, mpwa wako amezitazama, na tulimwita mtaalamu kutoka chuo, akazitazama kwa darubini siku mbili, akaandika "hazisomeki." Mpwa wako amekataa kuandika neno hilo kwenye kadi zake. Anasema kuna mtu mmoja tu anayeweza kuzijaribu.

Tunahitaji macho kama yako. Tutagharimia safari na malazi, na tutakulipa kwa siku. Unaweza kuanza wakati wowote unaokufaa mwaka huu.

Wako,
Mkuu wa Makumbusho


25 Juni

Kwa Mkuu wa Makumbusho,

Salaam. Barua yako nimesomewa. Radhi nimeipokea, haina deni.

Nianze na jambo ambalo mpwa wangu aliliacha limefungwa kwenye bahasha akakaa nalo mapajani mbele ya kamati. Yeye alikuwa na haki ya kulificha kwa kuwa lilikuwa langu. Mimi nina haki ya kulisema kwa sababu hiyo hiyo. Macho unayoyaomba sina. Nina mtoto wa jicho kote kuwili. Sarafu zako zote nilizozisoma nilizisoma kwa vidole, kwenye nta, na mwandiko uliokuwa ukiufuata ni wa jirani yangu.

Wateja wangu nao nimeshawaambia, juzi, mmoja mmoja, kila aliyeingia. Wawili wamechukua vitu vyao. Wa tatu alichukua pete yake, akafika mlangoni, akarudi akaiweka mezani. Akasema, "Mbona ile ya mke wangu uliitengeneza mwezi uliopita na ni nzuri?" Nikamwambia aache kunipotezea muda. Kwa hiyo usidhani nakuja huko kwa kukosa pa kwenda.

Hizo ishirini na tatu usizipige darubini tena, na usiruhusu mtu azioshe. Kilicholika kwa macho hakijalika chote. Palipokuwa na pua panabaki pagumu kidogo kuliko palipokuwa na shavu, kwa sababu nyundo ilipabana zaidi, na kidole kinalijua hilo. Siahidi zote. Nakuahidi kumi na tano, na nikizidisha utanishukuru mwenyewe.

Masharti yangu ni mawili. Nitazishika sarafu zenyewe, si nta, na mpwa wangu awe ndiye mwandishi wa kadi. Na jirani yangu anasafiri nami; anataka kiti chenye mgongo na dirisha, na nimechoka kubishana naye.

(Sikusema mgongo. Nilisema dirisha tu. — Mama Sindano)

Umesema nianze wakati wowote mwaka huu. Hapana. Nianze Julai, tarehe za mwanzo. Daktari ameniandikia nifanyiwe upasuaji wa macho tarehe 9 Septemba, na anasema utafanikiwa. Baada ya hapo nitakuwa mtu anayeona, na wa namna hiyo umeshawajaribu watatu.

Wako,
Sonara
(sahihi ni yangu mwenyewe, kama imepanda juu ya mstari, ujue mstari sikuuona)